Mrejesho: Kupunguza taka na umeme ofisini bila ya bajeti

Salamu kwenu nyote. Kabla ya Ramadhani niliuliza namna sisi wafanyakazi wa kawaida, katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini hapa Mombasa, tungeweza kupunguza taka na matumizi ya umeme bila ya kumsubiri mkurugenzi atoe fedha. Nawashukuru kwa dhati wote mlionijibu.

Aliyeshauri tuanze na kiyoyozi alisema kweli. Tulikipandisha kutoka nyuzi 18 hadi 25, tukasafisha vichujio vilivyogandamana vumbi kama blanketi kuukuu, na tukafunga madirisha ambayo, naona haya kusema, yalikuwa wazi kutwa huku mashine ikinguruma. Bili imeshuka, na mhasibu aliyekuwa akitucheka ndiye sasa mlinzi wa rimoti. Mtungi wa maji, pamoja na kila mtu kuja na kikombe chake, umeziondoa chupa za plastiki mezani.

Kutenganisha taka kumetushinda nusu. Mapipa tuliyaweka, kama Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inavyotaka, lakini asubuhi moja nilimwona mzoa taka akiyamimina yote katika mkokoteni mmoja. Kwa hiyo karatasi tunamuuzia mnunuzi wa chakavu anayepita Ijumaa. Mabaki ya chakula bado yanakwenda jaani pamoja na mengineyo, kwani ofisi yetu iko ghorofani na hatuna hata kipande cha ardhi cha kutengenezea mboji.