Tupeane uzoefu: kumbukumbu ya kazini, namna ya kuitunza isiharibike

Wadau, Kisumu hii imejaa nyumba za wastaafu wa reli, na kabatini hapakosi kitu: taa, ovaroli, picha ya idara. Vingi huharibikia mikononi mwa watoto wanaotaka kuving'arisha. Anayejua kazi aeleze.

Kondele: Nianze na taa ya mkono ya reli. Kwanza soma chapa. KUR ni Reli ya Kenya na Uganda, kabla ya 1948; EAR&H ni Reli na Bandari za Afrika Mashariki, 1948 hadi 1969. Ukipitisha msasa juu ya herufi hizo umemfuta mzee.

Kisha weka sumaku. Ikinasa, ni chuma, limau usiguse: futa vumbi, paka mafuta ya cherehani kidogo sana. Isiponasa na rangi ni ya njano, ni shaba. Changanya kijiko kimoja cha chumvi na maji ya nusu limau, sugua kwa kitambaa laini dakika mbili, suuza, kausha papo hapo. Ukiiloweka usiku kucha, asidi hula zinki iliyomo na kuacha mabaka ya waridi ambayo hayatoki. Skrubu iliyoganda itiwe matone ya dizeli hadi kesho yake. Ukilazimisha, bisibisi italamba kichwa.

Milimani: Ndugu wa Kondele amesema kweli. Naongeza hili: kwenye mpini utaona pahali palipolika, laini, umbo la kidole gumba. Hapo pasiguswe kabisa. Miaka ya kazi imeandikwa hapo.

Nakuru: Ovaroli yenye grisi isipigwe pasi kabla ya kufuliwa, joto hukaza doa. Paka sabuni ya maji ya vyombo, subiri nusu saa, fua kwa maji vuguvugu. Ikauke kivulini, ikunjwe ndani ya shuka la pamba. Mfuko wa plastiki hufungia unyevu, na huko kwenu ziwani ukungu hauchelewi. Jina lililoshonwa kifuani liangalie juu, mkunjo usilipitie.

Kakamega: Picha iliyogandamana na kioo usiibandue, rangi itabaki kiooni. Ipige picha nyingine hapo hapo, mchana, kando ya dirisha, kamera ikiinama kidogo kukwepa mng'ao. Majina ya waliomo yaandikwe nyuma ya fremu kwa penseli, leo, mzee angali anawakumbuka.