Mashindano ya boti za mashine Kigoma yanakufa, tuyafufue vipi?

mwana_katonga

Mwakeye wakuu. Naombeni mawazo, hasa nyie wa Kibirizi, Katonga na Ujiji na yeyote anayeyajua mambo ya boti. Mashindano yetu ya boti za mashine hapa Ziwa Tanganyika yanakufa huku tunaangalia. Miaka ya nyuma siku ya mashindano ufukwe unajaa toka asubuhi, boti zinakua nyingi mpaka waamuzi wanazigawa makundi, ila mara hii ya mwisho zilizoingia majini unazihesabu kwa vidole vya mkono mmoja na mbili kati ya hizo ni za tajiri mmoja. Nikawauliza manahodha niliozoea kuwaona mbona safari hii mmekaa nchi kavu, majibu yao karibu yanafanana, kwamba mashine yangu ya hospawa 40 itafanya nini mbele ya 75, mafuta nani ananipa, na nikiua mashine pale watoto watakula nini.

Mimi huu mchezo naupenda kweli, nafuatilia mpaka wa wenzetu wa baharini, na nikisoma historia yao naona na wao walipita njia hii hii. Ile mbio ya Miami kule Marekani mpaka Nassau, Bahamas, ilianza 1956, halafu Uingereza wakaanza ya kwao 1961 kutoka Cowes kwenda Torquay, aliyeianzisha ni Max Aitken baada ya kuiona ile ya Marekani. Siku zile mtu alikua anaweza kuingia na boti ambayo wiki nzima anatembelea familia. Wazo lilikua kupima boti za kawaida zinavumilia vipi mawimbi ya bahari kuu. Mfano mzuri ni 1960, Miami hadi Nassau bahari ilichafuka sana, boti inaitwa Moppie ya Dick Bertram, chini imechongwa V ya kina aliyoichora Ray Hunt, ikamaliza kwa masaa kama 8, ya pili ikaja masaa mawili baadae na nyingine zikafika kesho yake. Ule umbo ndo leo unauona kwenye boti za watu dunia nzima, yani mashindano yalimsaidia hadi mtu asiyeshindana.

Baadae hela ikaingia. Daraja la juu kabisa likawa la boti zenye miili miwili sambamba (katamarani) na injini mbili za Lamborghini V12, kila moja lita 8.2, mwendo zaidi ya kilomita 200 kwa saa. Sasa hapo nahodha wa kawaida anaingiaje? Akabaki kuangalia, na wanaoshindana wakawa wachache.

Sisi tumefanya hivyo hivyo kwa kipimo chetu. Siku tuliporuhusu kila mtu aje na mashine anayotaka ndo tulipowafukuza watu. Wazo langu ni daraja moja tu, mashine ya 40 na boti ya mbao ya hapa hapa, basi. Kabla hatujapeleka barua kwa afisa michezo wa manispaa nataka kusikia mnasemaje.

fundi_kibirizi

Kaka umegusa penyewe ila kusema "40 tu" haitoshi, nakuambia kama mtu anayezifungua hizo mashine kila siku. Mashine mbili zimeandikwa 40 juu ya kofia na ndani ni vitu viwili tofauti. Mmoja kachonga hedi, yani kifuniko cha juu cha silinda, ili mgandamizo upande, mwingine kabadili jeti za kabureta zinazopitisha mafuta, mwingine kashachezea matundu ya kutolea moshi kwenye bloku. Ukimuuliza anakwambia ni ya kiwandani. Kwaiyo mkiweka sheria ya 40 bila ukaguzi mtarudi pale pale, mwenye hela ya fundi atashinda mara mbili tatu wengine watakata tamaa.

Mi napendekeza hivi, wanaoshika nafasi tatu za kwanza mashine zao zinafunguliwa hedi pale pale ufukweni mbele za watu, fundi anapima na kila mtu anaona. Hiyo kazi haichukui muda, ni boliti tu na gasketi mpya. Atakayekataa kufunguliwa ushindi hana. Mkifanya mara moja tu mwaka unaofuata hakuna atakayehangaika kuchonga.

Kitu cha pili propela. Hapa watu hawaongelei ila ndo inayoamua nusu ya mbio. Boti nyingi za Kibirizi zimefungwa propela ya mzigo, mapanga yake yamelala, inasukuma abiria na magunia vizuri lakini mwendo haina. Sasa unakuta mtu katoka Kagunga na boti yake ya kazi anashindana na aliyenunua propela ya mwendo kwa ajili ya siku hiyo tu. Na wote ni 40! Bora kamati iwe na propela zake za aina moja, asubuhi ya mashindano kila nahodha anavuta kura anapewa, jioni anarudisha.

Binti Ujiji

Nawasalimu kaka zangu. Mimi natoka familia ya wavuvi na nadhani mmesahau kuuliza mashindano yafanyike lini. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kuvua kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti ili samaki wazaliane. Miezi hiyo mnajua hali ya hapa Ujiji, maboti yamepandishwa mchangani, karabai zimefunikwa, wanaume wamekaa chini ya miti wanacheza bao. Boti zipo, mashine zipo, watu wana muda. Mashindano yetu yamekua yakipangwa wakati dagaa wanatoka vizuri gizani, nani ataacha usiku mzuri wa kuvua akalale mapema eti kesho ana mbio? Sogezeni yawe kipindi ziwa limefungwa, hapo Saba Saba au Nane Nane, uone kama boti hazitajaa.

Ila mkumbuke kipindi hicho mvuvi hana hela. Kiingilio msiweke kabisa na mafuta mumpe. Mashine ya 40 ya tustroku ukiifungulia mpaka mwisho inakula kama lita 20 kwa saa, sasa mbio ya nusu saa pamoja na kufanya majaribio na kurudi nyumbani mtu anahitaji si chini ya lita 15 na oili ya kuchanganya. Hizo hela kwa mvuvi aliyekaa miezi miwili bila kuvua ni chakula cha nyumba. Mnapotafuta mdhamini msimuombe zawadi kubwa ya mshindi, muombeni petroli ya kila atakayejipanga kwenye mstari. Zawadi ya mashine mpya inamfurahisha mmoja ila dumu la mafuta linaleta boti thelathini.

Halafu kaongeeni na watu wa uvuvi mapema ili doria wasije kudhani mnatumia mashindano kuingia kuvua. Boti iingie majini haina wavu wala taa ndani na mtu wa uvuvi awepo pale ahakikishe.

kijana_mwanga

Binafsi naona mnajipa shida, mbio za mashine ni mchezo wa matajiri na wazungu. Kule Mwanza yalikuwepo mashindano ya mitumbwi yaliyodhaminiwa na bia ya Balimi, makasia tu, nguvu ya mwili, na yalijaza watu. Sisi tuweke makasia yaishe.

Mzee wa Bangwe

Kijana wangu makasia ni mazuri na yawekwe siku hiyo hiyo, hakuna anayekataa. Lakini usiseme boti ya mashine ni kitu cha wageni. Hili ziwa limejua boti za kasi kabla babu zenu hawajazaliwa. Vita ya kwanza ya dunia Waingereza walileta boti mbili ndogo za petroli, moja jina lake Mimi na nyingine Toutou, zilitoka London kwa meli mpaka Cape Town, zikapanda reli, zikavutwa milimani kwa matrekta na ng'ombe mpaka zikafika ziwani upande wa Kongo. Tarehe 26 Desemba 1915 zikaiteka meli ndogo ya Wajerumani iitwayo Kingani, na Februari 1916 wakaizamisha nyingine, Hedwig von Wissmann. Vyombo vya Wajerumani vilikua na kambi hapa Kigoma. Na leo nani anaishi na mashine za boti kuliko watu wa mwambao huu? Mgonjwa wa Mwamgongo analetwa mjini na nini? Nahodha wa Kibirizi anaijua mashine yake kuliko hao wa kwenye televisheni wenye mafundi kumi nyuma yao.

Sasa nirudi kwa aliyeanzisha mada. Mwanangu hoja zenu za mashine na mafuta nimezielewa, ila wazazi na wake za manahodha wanazuia watu kwa sababu ya usalama, mkilipuuza hili mtabaki na boti chache hata mkigawa petroli bure. Miezi hiyo mliyoisema ya kiangazi ndo upepo wa kusini unavuma, mtu akitoka nje ya rasi anakutana na mawimbi yamesimama. Binti amesema kweli kuhusu kalenda lakini upepo nao una kalenda yake. Kwaiyo mbio ziwe ndani ya ghuba ya Kigoma ambako tumekingwa, na muwe na siku ya akiba kabisa kwenye tangazo, ili hali ya hewa ikiwa mbaya asitokee mtu wa kusema wageni wameshafika tuendelee hivyo hivyo.

Na ghuba nayo ina meli za mizigo. Msilichukulie kimzaha. Didier Pironi, yule dereva wa Formula 1 wa Ufaransa, alipoacha magari akaingia kwenye boti, Agosti 1987 karibu na kisiwa cha Wight boti yake ilipiga mkondo wa mawimbi ulioachwa na meli ya mafuta ikapinduka, wakafa wote watatu. 1990 Stefano Casiraghi, bingwa wa dunia, akafa Monaco boti ilipopinduka. Baada ya vifo kama hivyo ndo wakakaza kanuni za kufunika chumba cha dereva na mikanda. Sisi hatuna uwezo wa hayo ila bandari wakiandikiwa mapema, meli ikae gatini hiyo saa moja ya mbio, hilo linawezekana. Laifujaketi kwa kila mtu, na ile kamba nyekundu ya kuzimia mashine ifungwe mkononi au mguuni kwa nahodha. Nimeona vijana wengi wameikata au wameifunga kwa waya pale kwenye swichi ili isiwasumbue. Nahodha akirushwa majini boti inabaki inazunguka yenyewe na propela inamrudia. Bila kamba hiyo boti isiruhusiwe kuwaka.

mwana_katonga

Mzee shikamoo, na asante. Hilo la meli sikuwa nimelifikiria kabisa, naliweka kwenye barua, nakala iende bandari na TASAC wanaosimamia usalama wa vyombo vya majini.

Fundi nakubaliana na wewe kufungua hedi hadharani. Wenzetu nao kuna madaraja waliyofufua kwa njia inayofanana na hiyo, kulikua na P1 SuperStock kila timu ilitumia boti ya aina moja na mashine ya hospawa 250 aina moja, watu wawili ndani. Na Afrika Kusini ndo walipoanzisha mbio za boti za kujaza upepo zinaitwa ThunderCat, mashine hospawa 50 tu, watu wawili, unaibeba kwenye trela ndogo unaenda nayo ufukweni. Zile ndo unaona vijana wanaingia kwa sababu ukiharibu hujafilisika.

Kijana wa Mwanga njoo tusaidiane upande wa makasia, nakuweka kwenye kamati kama uko tayari. Dada wa Ujiji nakuomba inbox, nataka hesabu ya maboti yanayopandishwa mchangani kwenu kipindi ziwa limefungwa.

mtanga_boy

Mimi nina la kusema kuhusu ghuba. Usalama sawa mzee wangu, ila mkifungia kila kitu mjini sisi wa vijijini tunatolewa. Mbio za zamani utamu wake ilikua boti zinatoka Kibirizi zinapita Kalalangabo, zinapita kwetu Mtanga mpaka mpaka wa Gombe halafu zinageuka. Kijiji kizima kinashuka ufukweni, akina mama wanapiga vigelegele, unamuona nahodha wa kwenu kasimama nyuma kashika mkono wa mashine maji yanampiga usoni, na watoto wanakimbia mchangani kufuatana naye. Hapo ndo vijana wa hapa walikua wanautamani unahodha. Ukizungusha boti mara kumi kwenye ghuba mtu wa mjini ataona vizuri, mwenye simu atarekodi, ila Mtanga hatutatoa boti hata moja kwa sababu hakuna anayetuona. Hata huko kwa wenzetu si ndo walilalamika walipohamisha mbio kutoka safari ndefu kwenda kuzunguka maboya?

Mzee wa Bangwe

Mwanangu nimekuelewa. Basi fanyeni mbio mbili, mchujo wa ghuba kipindi ziwa limefungwa, halafu ndefu ya Kibirizi mpaka mwisho wa Mtanga na kurudi ifanyike upepo ukishatulia, wale waliofuzu tu, na kila kijiji kiwe na boti yake ya uokoaji yenye mtu anayejua kuogelea. Boti iliyo nje ya macho ya mwokoaji isiwepo hata moja.

fundi_kibirizi

Hapo sawa mzee. Kwa mbio ndefu mafuta yapimwe kwa dumu na muhuri, maana kuna watu wataongeza. Na propela mimi nimeshaongea na wenzangu wawili wenye duka la spea hapa, wako tayari kuazima kama kamati itasaini kwamba itakayopiga jiwe inalipwa. @mwana_katonga barua ikiwa tayari iweke hapa tuisome kabla haijaenda, na uandike majina ya mafundi watakaokagua yatoke vijiji tofauti, asiwe wa Kibirizi peke yake, hata mimi nisiwemo kama nina boti ya ndugu yangu ndani.