Firefox, Brave au Chrome: kipi kinakufaa kwa faragha kwenye simu?

Mwana wa Langoni (Lamu)
Assalaam aleikum wanabaraza. Nasimamia nyumba ya wageni hapa Langoni, na simu yangu ya Android ndiyo ofisi: barua pepe, benki, picha za pasi za wageni, vyote humo humo. Nikiulizia bei ya injini ya boti mtandaoni, matangazo ya injini yananiandama hadi kwenye habari za mpira. Jioni mpwa wangu huichukua kusomea. Nataka kivinjari kinachozuia wafuatiliaji, kisichokula bando, na ninachoweza kukipanga nitakavyo. Nimebaki na vitatu: Chrome iliyokuja na simu, Brave na Firefox. Wenye uzoefu, nisaidieni.

Fundi Malindi
Waaleikum salaam. Chukua Firefox, ndugu yangu. Chrome ya Android haipokei viendelezi, yaani programu ndogo za kuongezea kivinjari uwezo, kwa hiyo huna pa kutia kizuia matangazo. Hata kwenye kompyuta, kuanzia 2024 Google imekuwa ikikiondoa kwenye Chrome kizuia matangazo kiitwacho uBlock Origin, ikabaki ile uBlock Origin Lite yenye nguvu pungufu. Firefox ya simu inaipokea uBlock Origin nzima. Gusa vidoti vitatu, ingia kwenye viendelezi, iongeze. Halafu fungua gazeti lolote lenye matangazo mengi, rudi kwenye menyu, gusa jina la uBlock: utaona imezuia matangazo na vifuatiliaji vingapi kwenye ukurasa huo mmoja. Kila kilichozuiwa ni data ambayo hukuilipia.

Bint Mkomani
Fundi, hayo yanamfaa anayejua pa kugusa. Mamangu nimemwekea Brave. Ukishaisakinisha tu, inazuia matangazo na vifuatiliaji bila kuongeza kitu. Imejengwa juu ya Chromium, programu ya msingi ile ile ya Chrome, kwa hiyo tovuti zinazoikubali Chrome ni nadra kuikataa. Kero yake ni picha za matangazo kwenye ukurasa wa mwanzo na yale mambo ya zawadi za sarafu za kidijitali. Vyote vinazimwa kwenye mipangilio, nami nilivizima siku ile ile.

Fundi Malindi
Hapo dada umesema kweli. Kwa mtu asiyetaka kuhangaika, Brave inatosha.

Pwani Shela
Hapa kwetu wengi wanatumia Opera Mini kwa sababu ya bando. Inabana kweli, lakini jueni inavyofanya kazi: ukiiweka katika hali ya kubana zaidi, kurasa hupitia kwanza kwenye seva za kampuni ndipo zikufikie. Kusomea habari sawa. Benki, hapana.

Ami wa Saiba (Lamu)
Wanangu, mnabishana majina ya vivinjari, na mimi ninachokiona kila siku ni kingine. Ikikaribia 30 Juni watu wanajaa hapa saiba, kwenye kompyuta za kukodi, kwa ritani za KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, mtu anamaliza anainuka, akaunti iko wazi. Wengine hufungua hali fiche (incognito) wakidhani hawaonekani. Haimfichi mtu kwa mtoa intaneti, wala kwa tovuti anayoingia. Kazi yake ni kutohifadhi historia na vidakuzi (cookies, kumbukumbu ndogo ambazo tovuti huacha) baada ya kufunga madirisha yake yote, na kwenye mashine ya watu hilo ni jambo kubwa, itumieni. Lakini faili ulilopakua linabaki! Kila jioni kabla ya kufunga nafungua folda ya vipakuliwa na kufuta: vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho, barua za kazi. Si kila saiba ina mtu wa kufanya hivyo. Futa mwenyewe, kisha utoe na kwenye pipa la taka. Mashine ikikuuliza ihifadhi nenosiri, kataa.

Na wewe Mwana, hizo pasi ni amana. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamgusa yeyote anayetunza taarifa za watu. Mpwa asipewe simu yenye picha hizo wazi.

Mwana wa Langoni (Lamu)
Shikamoo Ami, nimekusikia. Pasi nazihamishia kwenye folda yenye nenosiri leo. Nimeweka Firefox na uBlock. Niguse nini kingine?

Bint Mkomani
Washa hali ya HTTPS pekee, ikuonye tovuti isiposimba mawasiliano. Badili injini ya utafutaji iwe DuckDuckGo. Ruhusa ya mahali ulipo, zinyime tovuti zote isipokuwa ramani. Kwa raha yako: hamishia upau wa anwani chini, kidole gumba kiufikie, na uondoe habari zinazopendekezwa kwenye ukurasa wa mwanzo.

Mwana wa Langoni (Lamu)
Upau wa chini nimeupenda sana. Ila viungo vya WhatsApp bado vinafungukia Chrome.

Fundi Malindi
Hiyo iko kwenye simu yenyewe. Mipangilio, Programu, programu chaguomsingi, kivinjari: chagua Firefox. Kisha ingia Chrome ufute historia na vidakuzi vya zamani, ila manenosiri uliyohifadhi humo usiyatie tiki kabla hujayanakili mahali salama.