Mary Robinson akiwa seneta: miswada iliyoanguka tunaihesabu vipi?

Mwanafunzi_Goma

Wakubwa shikamooni, wengine hamjambo. Naandika kutoka Goma, niko mwaka wa mwisho wa sheria, na kazi yangu ya kumaliza masomo inamhusu Mary Robinson wa Ireland. Huku kwetu wengi tulimjua mwaka 2013, Umoja wa Mataifa ulipomteua mjumbe maalumu wa Maziwa Makuu, miezi michache tu baada ya waasi wa M23 kuuteka mji wetu. Nilikuwa mtoto wa shule. Nakumbuka baba akitunyamazisha sote kila redio ilipomtaja.

Sasa nimekwama. Sura yangu ndefu ni ile ya useneta wake, 1969 hadi 1989. Msimamizi wangu ameisoma akaniambia niikate iwe aya moja. Anasema mwanamke huyu alikuwa Rais wa Ireland 1990 hadi 1997, kisha Kamishna Mkuu wa Haki za Binadamu wa Umoja wa Mataifa hadi 2002, na uzito wake uko huko. Seneti ya Ireland haina meno, na muswada aliojulikana nao, wa uzazi wa mpango, ulianguka.

Je, mchango wa seneta unapimwa kwa sheria zilizopita peke yake? Nisaidieni, nina wiki tatu.

Wakili_Mstaafu

Marahaba mwanangu. Msimamizi wako hajakosea sana. Seneti ile ina wajumbe 60, na muswada wa kawaida ukitoka Baraza la Chini, yaani Dáil, inaweza kuuchelewesha siku 90 tu. Muswada wa fedha, siku 21. Hakuna zaidi.

Ukitaka kuona alipoibadilisha nchi, nenda mahakamani. Alikuwa wakili katika kesi ya de Búrca, iliyoamuliwa mwishoni mwa 1975, iliyowafungulia wanawake mlango wa kukaa kwenye jopo la raia wanaoamua kesi za jinai. Alikuwa wakili wa Bi Airey kule Strasbourg, kwenye Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, hukumu ya 1979: mwanamke aliyetaka kutengana kisheria na mumewe lakini hana pesa za wakili, na mahakama ikasema haki ya kwenda mahakamani haina maana kama mtu hawezi kuifikia. Kesi ya Norris, 1988, dhidi ya sheria iliyowaadhibu wanaume wapenzi wa jinsia moja, hivyo hivyo. Hizo zina namba, zina hukumu, zinasomwa hadi leo. Zipe sura nzima.

Mnakili_wa_Kaunti

Naomba nipingane na mzee hapo juu, kwa heshima zote. Mimi si mwanasheria. Kazi yangu, mwaka wa kumi na moja sasa, ni kunakili mijadala ya bunge la kaunti hapa Kenya. Navaa vipokea sauti, napewa kipande cha sauti, nakiandika neno kwa neno, natuma kwa mhariri, napewa kingine. Kwa hiyo bunge nalijua kwa masikio. Na kitu nilichojifunza ni kwamba yule anayepigiwa makofi ukumbini mara nyingi ukimwandika hujazi nusu ukurasa. Kuna mwingine anaongea polepole, watu wanatoka kwenda kunywa chai, na ukimnakili unakuta amesoma ripoti yote hadi kiambatisho.

Nilianza kusoma kumbukumbu za Seneti ya Ireland kwa sababu ya kazi. Ziko zote kwenye intaneti tangu 1922, unaweza kumfuata mzungumzaji mmoja mwaka baada ya mwaka. Nilipofika kwa Robinson sikutoka haraka.

Chukua huo muswada unaosemwa ulianguka. Sheria ya 1935, kifungu cha 17, ilikataza kuuza au kuingiza nchini vifaa na dawa za kuzuia mimba. Robinson alikuwa na umri wa miaka 25 alipochaguliwa seneta, profesa wa sheria katika chuo kikuu cha Trinity College, Dublin, Mkatoliki kutoka Ballina, kaunti ya Mayo. Mwaka 1971 aliandaa muswada wa kurekebisha sheria ile pamoja na maseneta wenzake wawili, John Horgan na Trevor West, maana kanuni zilitaka sahihi tatu.

Sasa tulia hapa, ndugu yangu, maana ndipo penye jambo. Kwa kanuni zao, muswada wa mjumbe binafsi lazima Seneti iuruhusu kusomwa mara ya kwanza ndipo upelekwe kuchapwa. Kwingi hatua hiyo ni ya kutaja jina la muswada tu, dakika mbili mmemaliza. Julai 1971 Seneti ilipiga kura ikakataa hata hiyo. Muswada haukukataliwa baada ya kujadiliwa. Ulikataliwa usichapwe, nchi isisome yaliyomo. Katika miaka yangu yote ya kazi sijawahi kuona kitu kama hicho, na nilipokisoma niliondoa miwani nikakaa kidogo.

Na huku nje hali ilikuwa inachemka. Machi mwaka huo huo Askofu Mkuu wa Dublin alisomesha waraka makanisani dhidi ya kubadilisha sheria ile. Mwezi wa Mei wanawake walipanda treni kwenda Belfast, ambako sheria ya Uingereza iliruhusu, wakanunua vifaa hivyo na kurudi navyo wazi wazi hadi stesheni ya Connolly, Dublin, maafisa wa forodha wakiwatazama. Robinson mwenyewe amesimulia barua za matusi alizopokea wakati huo, nyingine zikiwa na vidole vya glavu vilivyokatwa. Zilichomwa moto nyumbani. Baadaye alisema anajuta kutozihifadhi. Mimi mtu wa kumbukumbu nilimwelewa kabisa.

Hakuacha. Alirudi na muswada mwingine wa uzazi wa mpango mwaka 1973, na safari hii ulichapwa, ukafika hatua ya kusomwa mara ya pili. Katikati Mahakama ya Juu ikatoa hukumu ya McGee, Desemba 1973, kwamba mume na mke wana haki ya faragha katika jambo hilo (kesi hiyo hakuisimamia yeye, usije ukachanganya). Muswada wake ulianguka 1974. Mwaka huo huo serikali ikaleta wa kwake, nao ukaanguka kwenye Dáil, Waziri Mkuu Liam Cosgrave akipiga kura dhidi ya muswada wa serikali yake mwenyewe! Sheria ilipita 1979, kwa cheti cha daktari tu. Mwaka 1985 ndipo kondomu ziliruhusiwa kuuzwa kwa mtu mzima bila cheti.

Kwa hiyo 1971 hadi 1985. Ukimwandikia seneta huyu aya moja kwa sababu muswada ulianguka, utamweleza vipi msomaji jambo lile lilianza kusemwa bungeni na nani? Vivyo hivyo na watoto waliozaliwa nje ya ndoa: alileta muswada wa matunzo na urithi wao 1974, na sheria iliyowaondolea tofauti hiyo ikatoka 1987. Mwaka 1974 mtoto wa siku moja, 1987 ana miaka 13. Muda wote huo alihesabiwa pungufu.

Halafu kuna kamati, ambayo hakuna aliyeitaja. Ireland iliingia Jumuiya ya Ulaya Januari 1973, na bunge likaunda kamati ya pamoja ya kukagua sheria ndogo zinazotoka huko. Robinson alikaa kwenye kamati hiyo hadi alipoondoka Seneti, na kwa muda mrefu aliongoza kamati yake ndogo ya masuala ya kijamii. Hapo hakuna kamera wala makofi. Ni makaratasi. Lakini makaratasi yenyewe yalikuwa yanasema mwanamke alipwe sawa na mwanamume (1975), atendewe sawa kazini (1976), apate mafao sawa (1979). Hilo la mwisho nchi ilipaswa kulitekeleza kufikia Desemba 1984, ikachelewa. Wakati huo mwanamke aliyeolewa akipoteza kazi alilipwa kiwango cha chini kuliko mwanamume, na kwa muda mfupi zaidi. Senti za kila wiki, nyumba kwa nyumba. Mtu anayekaa kwenye kamati akisoma waraka wa namna hiyo mstari kwa mstari anafanya kazi ya bunge hasa.

Mzee amesema nenda mahakamani. Mimi nasema ni mtu yule yule: lililokataliwa ukumbini alilipeleka kwa jaji, na aliloshinda kwa jaji alirudi nalo ukumbini. Ukikata sura ya Seneti, kesi zenyewe zitaonekana kama zimedondoka kutoka angani.

Mama_wa_Dublin

Mimi ni Mtanzania, niko Dublin mwaka wa 16. Niongeze moja tu. Kiti cha Robinson kilikuwa cha chuo kikuu: wahitimu wa Trinity walichagua maseneta watatu, wa Chuo Kikuu cha Taifa watatu, 43 walitoka kwenye majopo ya fani, na 11 waliteuliwa na Waziri Mkuu. Kwa hiyo hakuwa na jimbo la kumdai barabara au zahanati, na mwanzoni hakuwa na chama. Andika hilo, maana ndilo lililompa nafasi ya kusema ambalo wa Dáil waliogopa kulisema.

Na Oktoba 2013 serikali iliwaomba wananchi waifute Seneti kabisa. Asilimia 51.7 walikataa. Kazini kwangu siku hizo kulikuwa na mama mmoja Mwairishi, mtu mzima, aliniambia atapiga kura ya kuibakiza. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu kwa neno moja: "Robinson."

Mwanafunzi_Goma

Asanteni sana, mzee wangu, na nyie wote. Mnakili, nimesoma maelezo yako mara tatu. Swali moja: kama muswada wa 1971 haukuchapwa, niunukuu vipi?

Mnakili_wa_Kaunti

Usianze na muswada, anza na mjadala wa kuukataa. Huo umenakiliwa, upo. Fungua Julai 1971, soma nani alisimama na alisema nini, halafu ruka hadi mjadala wa mwanzoni mwa 1974 ambapo maneno ya muswada yenyewe yako mezani. Weka kurasa hizo mbili ubavu kwa ubavu umpelekee msimamizi wako kabla hujakata kitu. Na ukifika kwenye ripoti za kamati usiruke viambatisho. Ukikwama kwenye kutafuta, niandikie hapa, zamu yangu huisha saa kumi na moja jioni.

Wakili_Mstaafu

Nami nimekwenda kusoma huo wa Julai 1971. Mwanangu, usiikate hiyo sura.