Tupeane uzoefu: kulala kwenye hamoki wakati wa baridi kali bila kuganda wala kulowa

#1 (mwanzisha uzi)
Wakuu habari zenu. Wikiendi iliyopita nimelala porini kwenye hamoki (kile kitambaa cha kulalia kinachoning'inizwa kati ya miti miwili), baridi ilishuka mpaka nyuzi 4 chini ya sifuri, na nimetetemeka mpaka kunakucha. Kinachoniuma ni kwamba nilijiandaa. Slipingi begi yangu, yaani mfuko wa kulalia, imeandikwa inahimili mpaka nyuzi 9 chini ya sifuri, nikavaa masweta mawili, soksi za sufu, kofia, nikajua nimemaliza kazi. Saa sita usiku nashtuka mgongo na makalio vya baridi kama nimelalia sakafu ya saruji, alafu kifuani niko na joto zuri tu. Nikaongeza koti juu, wapi. Nikageuka ubavu, ubavu nao ukapoa. Saa tisa nikashuka nikawa nauzunguka mti ili damu itembee na jua lilivyochomoza nilikuwa nimechoka kuliko mtu aliyekesha msibani.

Nimekaa nikafikiria nikaona tatizo liko wapi. Begi inatunza joto kwa ile hewa inayonaswa katikati ya manyoya, sasa ukiilalia uzito wako unaikandamiza, hewa inatoka, chini yako kinabaki kitambaa tu. Hata hizo nyuzi wanazoandika kwenye begi zinapimwa kwa sanamu lililolazwa juu ya mkeka. Kwenye hamoki hakuna mkeka, kuna kitambaa chembamba na upepo unapita chini yako usiku kucha.

Naomba wenye uzoefu mniambie mlifanyaje. Aliyelala kwenye theluji, aliyenyeshewa, aliyeshindwa akarudi nyumbani, wote waseme. Nataka nirudi kabla majira haya hayajaisha.

#2
Pole sana mkuu. Hiyo baridi ya chini kila mtu wa hamoki ameionja. Dawa yake ni kwilti ya chini, yaani lile blanketi nene linaloning'inia nje chini ya hamoki, hulilalii kwa hiyo halikandamizwi. Ila sikiliza kisa changu maana kuwa nayo peke yake haitoshi.

Mara ya kwanza niliifunga ikaning'inia chini sana, kukawa na uwazi kati yake na hamoki, upepo unaingilia kichwani unatokea miguuni, niliganda kama sina kitu. Safari iliyofuata nikasema leo naikaza, nikaikaza mpaka mgongo wangu ukawa unaisukuma, hapo nimeshaikandamiza mwenyewe, baridi ileile. Siku hizi nikishapanda nalala kama nitakavyolala usiku, alafu namwomba mwenzangu apitishe mkono kati ya hamoki na kwilti kuanzia mabegani mpaka mapajani. Inatakiwa iguse bila kubana. Ncha zake mbili, ya kichwani na ya miguuni, hizo ndo zifungwe zikaze kabisa maana joto linatorokea pale.

Alafu usilale umenyooka katikati kufuata kamba, lala mshazari, mgongo unanyooka na kwilti inakaa sawa. Na mikanda ya kwenye miti ishuke kwa pembe ya kama nyuzi 30, ukiivuta sana hamoki inakuwa kama mtumbwi, kingo zinakubana mabega.

#3
Kama kwilti bado hujafikia uwezo wake tafuta ule mkeka wa sponji ngumu usionyonya maji. Mi nimeutumia misimu mitatu. Shida yake ni mbili, unateleza usiku na hauzungushi mabega. Ya kuteleza niliimaliza kwa kuuingiza ndani ya slipingi begi yenyewe, ukiwa na hamoki ya matabaka mawili ni rahisi zaidi, unauchomeka katikati ya matabaka unatulia. Ya mabega nilikata kipande cha mkeka mwingine nikakiweka kwa kukatiza, kama msalaba. Sio mzuri kama kwilti, mgongo unatoa jasho kidogo, ila hauwezi kupasuka.

#4
Wengi mnaongelea baridi, mimi niongelee maji maana ndo yalitaka kunimaliza.

Mvua ilianza jioni, turubai nimelifunga vizuri, kubwa, halivuji hata tone. Usiku naamka chini kumelowa. Nikamulika turubai zima na tochi, sioni tundu. Kumbe maji yanatoka kwenye mti, yanafuata mkanda, yanapita chini ya turubai taratibu mpaka kwenye hamoki yanatiririkia ndani. Na baada ya mvua ikaja baridi ya kugandisha. Kwilti yangu ilikuwa ya manyoya ya bata na manyoya yakilowa yanashikana yanakuwa madonge, joto lote linapotea, niliikunja usiku uleule nikakaa nimejikunyata kwenye koti mpaka asubuhi. Sitasahau.

Dawa yake nilikuja kuonyeshwa na mzee mmoja na ni kitu kidogo mpaka unashangaa: funga kipande cha uzi au kamba ya kiatu kwenye mkanda, kila upande, sehemu ambayo ipo ndani ya turubai kabla hujafika kwenye hamoki, kiache kining'inie. Maji yakifika pale yanafuata uzi yanadondoka chini. Nafunga hata kama anga ni jeupe.

Jambo lingine, turubai la nailoni likilowa linalegea. Unalifunga jioni limekaza, saa nne usiku limeshuka linagusa hamoki. Amka ulikaze tena. Na upepo ukiwa mkali lishushe karibu na ardhi na ubavu wake mmoja uelekeze upepo unakotoka, ukiliacha juu kama mwavuli mvua inaingia kwa pembeni na kulowesha kwilti kwa chini.

#5
Mwanzisha uzi hujasema ulilala sehemu gani. Kama ni bondeni au kando ya mto jibu la nusu ya baridi yako ni hilo. Hewa ya baridi ni nzito, usiku inateremka inatuama bondeni kama maji. Tulilala karibu na kijito kwa sababu ya mandhari, asubuhi kamba zote zimevaa barafu. Usiku wa pili tukapanda mlima kidogo, mita kama 40 hivi, kwenye miti iliyojikinga na upepo, tofauti ilikuwa kubwa sana. Na tafadhali inueni macho kabla ya kufunga. Tawi lililokufa likibeba theluji linashuka bila taarifa.

#6
Habari zenu kaka na dada zangu. Mimi kosa langu lilikuwa kujifunika gubigubi. Naingiza kichwa chote ndani ya begi kwa sababu pua inaganda, nahisi joto mwanzoni, asubuhi begi yote kuanzia kifuani imelowa. Pumzi ina maji mengi jamani, na yanabaki humo kwenye manyoya, na kama ni safari ya siku tatu kila usiku begi inazidi kupoteza joto. Sasa mdomo na pua vinabaki nje, nafunga skafu, kichwani kofia nene.

Turubai nalo nilikuwa nalifunga pande zote. Mvuke ukaganda kwa ndani, asubuhi nikaligusa na kiwiko vumbi la barafu likanimwagikia usoni. Acha uwazi upande ambao upepo hautokei. Na usiwashe jiko ndani ya turubai lililofungwa hata kama unatetemeka vipi, ile hewa ya sumu ya monoksidi ya kaboni haina harufu, hutajua. Nalisema hili kwa uzito kabisa.

Nguo za kulalia ziwe za peke yake, kavu, ambazo hukutembea nazo mchana. Ukitembea mchana unatoa jasho, ukilala nazo jasho hilo ndo linakupoza. Na sio za pamba.

#7
Dada hapo juu yuko sahihi. Naongezea chupa ya maji ya moto. Iwe inaziba kweli, igeuze kichwa chini uitikise kabla hujaingia nayo, ivishe soksi, iweke katikati ya mapaja. Asubuhi una maji ambayo hayajaganda. Chujio la maji nalo lala nalo, likiganda linapasuka ndani na kwa nje huoni kitu, unaendelea kunywa ukijua ni maji salama. Mkojo ukikubana shuka, usijikaze, hutalala.

#8
Angalizo kwenye kuvaa nguo nyingi. Zikibana ndani ya begi zinasukuma manyoya kwa ndani, inakuwa kama mwanzisha uzi alivyosema kuhusu mgongo. Koti likizidi litandaze juu.

#1 (mwanzisha uzi)
Wakuu nimerudi, asanteni wote, sikutegemea kupata majibu ya namna hii. #5 umenipatia, nililala kando ya kijito.

Safari hii nilipanda juu, nikaingiza mkeka ndani ya begi, nikakata kipande cha mabega kama #3, nikafunga nyuzi kwenye mikanda japo hakukuwa na mvua, chupa ya moto kwenye mapaja. Nyuzi 6 chini ya sifuri. Nimelala mpaka saa kumi na moja alfajiri sijaamka hata mara moja, mgongo mkavu na joto. Kilichoniamsha ni vidole vya miguu tu, mkeka unaishia kwenye vigimbi vya miguu.

#3
Safi sana mkuu! Miguu usiumize kichwa. Lile koti lako likiwa na zipu lifunge, livishe begi upande wa miguuni kama soksi kubwa. Ile sponji iliyobaki ulipokata ya mabega bado unayo?

#1 (mwanzisha uzi)
Ninayo, kama upana wa mto hivi.

#3
Inatosha. Itangulize ndani ya begi kabla hujaingia, visigino vikae juu yake.