Tupeane uzoefu: kipengele gani umekikosa katika programu unayotumia kusafishia rekodi za zamani?

Mwanzisha mada

Ndugu wanachama, salaam. Nimekuwa nikisafisha rekodi za zamani kwa miaka mingi, na kila ninapowaandikia watengenezaji wa programu kuomba kipengele kipya, huniuliza kwanza ni kazi gani niliyokuwa nikiifanya nilipokihitaji. Nimeona kwamba wana haki ya kuuliza hivyo. Kwa hiyo naomba kila mmoja wetu asimulie kisa chake mwenyewe, kisha aseme anaomba nini, nami nitaviunganisha katika barua moja.

Naanza na changu. Familia moja iliniletea kaseti yenye sauti ya bibi yao akiwasimulia ukoo wao, iliyorekodiwa kabla hajafariki. Kanda ilikuwa na ule mlio wa «shii» usiokatika. Nilichukua sampuli ya kelele mahali ambapo bibi alikuwa amenyamaza, nikaiamuru programu iiondoe kelele hiyo katika kanda nzima, na nilipopata ukimya safi kati ya sentensi niliridhika nikawakabidhi. Baada ya siku chache mjukuu wake mmoja aliniuliza pumzi za bibi zimekwenda wapi. Nilirudi kusikiliza nikaona kwamba ni kweli: programu ilikuwa imeziondoa pumzi zake, na hata herufi «s» na «f» zilikuwa zimefifia, kwa kuwa sauti hizo zimeenea katika masafa (yaani kasi ya mitetemo ya sauti) yaleyale ya mlio wa kanda. Nilishukuru kwamba nakala ya awali nilikuwa nimeitunza.

Ombi langu ni kitufe cha kusikiliza kile tu kinachoondolewa, tena katika kila zana na si katika moja au mbili. Naomba pia kwamba tunapolinganisha sauti ya kabla na ya baada, programu izisawazishe ukubwa wake, kwa sababu sikio huipenda iliyo kubwa zaidi hata kama ndiyo iliyoharibika.

Mpenzi wa santuri

Mimi husafisha santuri. Mkwaruzo uliokatiza mifereji hugongwa na sindano mara moja kila mzunguko, na santuri inayozunguka mara 33⅓ kwa dakika hukamilisha mzunguko mmoja kwa sekunde 1.8. Mlio huo wa «tik» una ratiba inayojulikana, lakini programu yangu huushughulikia kila mara kana kwamba ni mgeni: huukamata mmoja, huuacha wa pili, kisha hudhani pigo la ngoma ni mkwaruzo na kulikata makali. Upande wa dakika 20 una mizunguko zaidi ya 660, na nimewahi kukesha usiku mbili mfululizo nikiitafuta milio hiyo mmoja mmoja kwa mkono.

Naomba niweze kuiambia programu kasi ya santuri, nayo itafute milio inayorudi kwa kipindi hicho hasa. Pigo la ngoma halifuati mzunguko wa santuri, hivyo lingesalimika. Kwa zile za mizunguko 78 kipindi ni kama sekunde 0.77.

Mrekodi wa mahojiano

Langu ni fupi. Nilirekodi mahojiano marefu kwa chaneli mbili, biti 24 na sampuli 96,000 kwa sekunde. Kwa kiwango hicho faili ya sauti ya kawaida, ya aina ya WAV, hufikia kikomo chake cha gigabaiti 4 baada ya saa mbili na dakika chache, nami sikuonywa. Nilipoifungua, sehemu ya mwisho haikusomeka. Muundo wa faili uitwao RF64 uliundwa kwa ajili ya tatizo hili hili. Naomba programu ihamie huko yenyewe kabla kikomo hakijafikiwa.

Mhariri asiyeona

Ndugu mwanzisha mada, nashukuru kwa kutufungulia mlango huu. Mimi sioni, na nimeishi kwa kazi ya kuhariri sauti tangu ujana wangu. Kukata, kuunganisha na kupanga viwango nafanya kwa kibodi bila msaada wa mtu. Ninapokwama ni kwenye spektrogramu, ile picha inayoonyesha masafa ya sauti kadiri muda unavyokwenda.

Katika mahojiano niliyokuwa nikiyaandaa simu ililia nyuma ya msemaji, kwa sekunde tatu. Mwenzangu anayeona huchora kisanduku kwa kipanya kuizunguka ile mistari ya mlio wa simu, akaifuta, na maneno yakabaki. Mimi niliijua sekunde mlio huo ulipoanza na ulipoishia, na kwa sikio ningeweza kukadiria masafa yake, lakini hapakuwa na mahali pa kuandika tarakimu hizo. Kisoma skrini, programu inayonisomea kwa sauti yaliyo kwenye skrini, kilikuwa kikiniambia «kitufe, kitufe, kitufe», bila kutaja hata kimoja kinafanya nini. Nililazimika kumngoja mwenzangu hadi kesho yake kwa kazi ambayo ningeimaliza kwa dakika tano.

Ninachoomba ni visehemu vinne vya kuandika: muda wa kuanza, muda wa kuishia, masafa ya chini na masafa ya juu, pamoja na amri ya kusikiliza kilichomo ndani ya mipaka hiyo peke yake. Na kila kitufe kipewe jina. Wanaoona nao watafaidika, maana tarakimu zinaweza kuandikwa daftarini na kurudiwa siku nyingine, lakini mkono hauchori kisanduku kilekile mara mbili.

Mhifadhi wa kumbukumbu za sauti

Naunga mkono hilo la tarakimu kwa sababu yangu mwenyewe. Mwongozo wa TC-04 wa IASA, jumuiya ya kimataifa ya hifadhi za sauti na picha, hutaka nakala ya hifadhi ibaki kama ilivyotoka kwenye kanda, na usafishaji ufanyike kwenye nakala nyingine. Sisi tunaufuata, lakini tunazo faili zilizosafishwa na mtu aliyekwisha kuondoka, na hakuna ajuaye alitumia zana gani wala kwa mpangilio upi. Programu na iandike kumbukumbu ya kila hatua, toleo lake na mipangilio yake, katika faili ya maandishi ya kawaida.

Jambo jingine ni mvumo wa umeme, ule unaoingia kwenye rekodi kwa masafa ya umeme wa mahali hapo. Kila mtu hukimbilia kuufuta, nami nimejifunza kuupima kwanza. Nilikuwa na kanda ambayo msemaji alisikika mwembamba kuliko kawaida. Ilirekodiwa mahali penye umeme wa hezi 50, lakini mvumo wake ulisomeka hezi 52, maana yake nilikuwa naicheza kwa kasi iliyozidi kwa asilimia 4. Naomba programu iufuate mvumo huo kanda nzima na kurekebisha kasi kwa kuutegemea, ndipo ituulize kama tunataka kuufuta.

Mwanzisha mada

Nimeyapokea yote. Ombi la mhariri wetu asiyeona nitaliweka la kwanza katika barua, mbele ya langu, kwa kuwa sisi wengine tunaomba kurahisishiwa kazi, naye anaomba kuweza kuifanya. Ndugu mhifadhi, nieleze jambo moja kabla sijaandika: mvumo ukipotea katikati ya kanda, ungependa programu ishike kasi ya mwisho iliyoipima, au isimame ikuulize?