Nimehesabu perege kwa kuwatia alama, jibu limenishtua

Wakuu, nina bwawa la perege huku Morogoro. Jumamosi ile nilivuta kokoro (wavu wa kukokota) nikapata 60, nikawakata kidogo ncha ya pezi la mkia, nikawarudisha. Wiki iliyofuata nimepata 50, kati yao 12 wana alama. Nimezidisha 60 kwa 50, nikagawa kwa 12, nipate makadirio ya samaki wote bwawani: 250. Mbona nilipanda vifaranga 400? Nimewalisha kwa jasho langu!

— Pole mkuu. Hesabu ni sahihi, ila sampuli ndogo hukuza jibu kidogo. Tumia kanuni ya Chapman, inayopunguza kosa hilo kwa kuongeza 1 kwenye kila namba: 61 mara 51, gawa kwa 13, toa 1. Inakuja 238. Halafu, macho ya wavu wako yakoje? Wadogo wakipenya hawamo kabisa kwenye hesabu hiyo.

— Kenya mwaka 2016 walihesabu hivyohivyo pundamilia wa Grevy. Hawakukamata hata mmoja: walipiga picha siku mbili, wakalinganisha michirizi ya ubavu wa kulia, ndiyo ikawa alama ya kila mnyama. Makadirio yalikuwa 2,350.

— Ahsanteni sana. Macho ya wavu vidole viwili vinapita. Jumamosi naazima wenye macho madogo, naanza upya.